Mkono wa Kulalia

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, ndoa yangu haijamaliza hata wiki hapa Butiama, babu yako Magesa aliamka kiganja cha kulia kimelegea. Anataka kukiinua, kinaning'inia tu kama kitambaa kibichi. Chai yote ilimmwagikia.

Jua halijapanda, ndugu wamejaa uani. Shangazi yake akasema waziwazi kwamba bibi harusi kaja na mambo yake kutoka Bunda, arudishwe kwao. Nikaanza kufunga nguo zangu huku nalia. Na Magesa, aliyekuwaga na maneno kuliko redio, kanyamaza.

Mama mkwe akatuingiza ndani, akafunga mlango.

"Mlilalaje?"

Tukatazama chini.

"Nawauliza, mlilalaje?"

"Alinilalia mkono, Mama," Magesa akasema kwa sauti ndogo. "Ulikufa ganzi, nikaona vibaya kumwamsha."

"Na sasa unaona vizuri afukuzwe?"

Basi Magesa akatoka, akawaeleza wote. Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Shangazi hakucheka, lakini nguo zangu nikazifungua.

Hospitali kule Musoma daktari akatuonyesha: kuna mshipa wa fahamu unaouzunguka mfupa wa mkono, hapa juu ya kiwiko kwa nyuma. Ndio unaoinua kiganja na kunyoosha vidole. Ukilaliwa usiku kucha, unabanwa, unazimia. Akamfunga kibao cha kushikilia kiganja, akasema utaamka wenyewe, polepole. Nilimfunga vifungo vya shati, nikamnyoosha vidole kila jioni, tukichekana. Mtama ulipoanza kukomaa, siku moja akainua kidole gumba, akaniita nije nione. Nililia tena, safari hii kwa furaha.

Tangu hapo alinilaza mkono wa kushoto, na ganzi ikianza tu ananigusa: "Mama Nyangeta, hama kidogo." Nilikuwaga nakasirika, nakatishwa usingizi. Siku hizi nalala mpaka asubuhi, hakuna wa kuniamsha, na sauti ile naitamani mno.

Sasa wewe unaoa Jumamosi. Mkono ukifa ganzi, utoe. Kiganja kikigoma kuinuka, nenda hospitali kwanza, mchawi usimtafute. Na ukiona mkeo anasemwa kwa jambo unalolijua, fungua mdomo siku hiyohiyo, hata kama ni la aibu.

Mungu akupe wa kukulalia mkono, mzeeke naye, na kila usiku umwambie ahame kidogo.