Mkono Kifuani

Jumamosi asubuhi nilikuwa na binti zangu wawili katika hoteli ndogo ya mtaani kwetu Voi, tukinywa chai kwa mahamri. Ghafla yule mdogo akaweka mkono kifuani, akafumba macho. Mama yao alifanya vivyo hivyo, mezani, siku aliyofariki.

Niliinuka, kiti kikaanguka. "Unaumwa wapi?"

"Baba, ni mahamri tu. Zimenichoma koo."

Mpishi akapaza sauti kutoka jikoni: "Mzee, mahamri zangu hazijaua mtu bado!"

Wateja wote wakacheka, nami nikacheka nao. Dada mtu hakucheka. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mdogo wake, akiutafuta mshipa. Nami nilidhani nyumbani kwetu mwoga ni mimi peke yangu.