Kuipimia Mwanga Kamera ya Gari la Baba

Mimi napiga picha za pasipoti na vitambulisho katika chumba kidogo karibu na soko la Kimironko, hapa Kigali, na nasema bila haya kwamba kazi hiyo naiweza. Mteja anakaa mbele ya kitambaa cheupe. Kamera ikiachwa ijiamulie, inatishwa na ule weupe, inapunguza mwanga, uso unatoka giza tupu, na mteja maskini anadhani ndivyo alivyo. Mimi sikubali. Nimegombana na kamera nyingi kwa ajili ya nyuso za watu, ndiyo maana kaka yangu mkubwa aliponionyesha video ya gari la baba nilijua papo hapo kosa liko wapi.

Kaka ndiye aliyemnunulia baba ile kamera ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Baba anaishi Gahanga, pembeni mwa mji, analima mboga nyuma ya nyumba, na asubuhi anazileta sokoni mwenyewe kwa gari lake jeupe. Alikulia Karagwe na akaendesha malori Tanzania miaka mingi kabla hatujarudi huku nyumbani kwetu, na kule gari linapita kushoto. Hapa tunapita kulia. Karibu kila mzee aliyerudi kutoka upande ule ana kisa chake cha kujikuta kushoto siku za mwanzo, hasa akitoka njia ya vumbi isiyo na mistari, na wakikutana harusini wanasimuliana na kucheka mpaka machozi. Baba naye ana chake, na anakisimulia vizuri.

Katika video ya kaka, gari lilikuwa linapanda kona ya udongo, jua likiwa usoni. Anga lilikuwa jeupe pepe. Ukingo wa kulia, wenye mikaratusi, ulikuwa mweusi kabisa. Mara gari likahama taratibu kwenda kushoto, likakaa huko kidogo, na pikipiki iliyotokea mbele kwa mbali ikapiga honi. Baba alieleza kwamba alikuwa anampisha mtu wa baiskeli. Kaka alirudisha video tena na tena akimtafuta mtu huyo, asimpate.

"Muzehe wetu, mkono wa Tanzania umemurudia," akaniambia. "Na sasa anatunga."

Hilo la kutunga ndilo lililonichoma. Kaka hakuwa na nia mbaya, alikuwa na hofu, lakini alichukua ufunguo wa gari na kusema tutakaa kifamilia Jumapili ya wiki inayofuata tuamue kama baba aache kuendesha. Baba hakubishana. Alikaa uani akichambua maharage ambayo mama alikuwa ameshayachambua. Mtu ameendesha maisha yake yote, leo mtoto wake anamwambia haoni, tena ni mwongo! Nilimwambia kaka kwamba asiyeona ni kamera yake. Akasema nimwonyeshe. Tukapatana kwamba mpaka siku ya kikao baba ataendesha kwa ufunguo wa akiba nitakaokaa nao mimi, nikiwa pembeni yake, na kamera nitairekebisha mimi.

Kwanza niliinamisha. Kaka aliibandika ikiangalia mbinguni, nusu ya picha ni anga, na kamera inayopima mwanga kwa wastani wa picha nzima lazima idanganywe na anga. Niliielekeza barabarani, ila si chini sana, maana boneti lile jeupe nalo ni kitambaa cheupe kingine. Kisha nikaingia kwenye mipangilio nikaiamuru ipime katikati tu, pale palipo na barabara. Nikatandika kitambaa cheusi juu ya dashibodi ili kisiakisiwe kitu kwenye kioo. Baba aliuliza kama gari limefiwa.

Asubuhi, jua likiwa mbele, niliongeza mwanga kidogo kidogo. Anga likaungua, likawa jeupe tupu, nami nikaliacha liungue, kwa sababu hakuna anayegongwa angani. Kivulini vitu vikaanza kujitokeza: mtaro, mawe, soksi za watoto wa shule. Mvua ilipokatika, lami iling'aa mpaka picha ikawa maziwa, nikapunguza. Jioni taa za magari yanayokuja zilimeza namba zao, nikapunguza tena mpaka namba zikasomeka. Kigali haina kipimo kimoja. Unapanda kilima jua likiwa machoni, unashuka upande wa pili uko kivulini, na kamera bado inashangaa.

Nilikuwa nimekikodolea macho kiskrini cha kamera kiasi kwamba barabara yenyewe sikuiona. Asubuhi moja, kwenye kona ileile, nikahisi gari linahama kushoto. Nilipoinua kichwa tulikuwa tumesharudi kulia na baba ameshikilia usukani. Sikumuuliza, niliogopa jibu. Lakini nilipofika kazini nikafungua video ya asubuhi hiyo, na mtu wa baiskeli alikuwepo! Anasukuma mzigo wa ndizi, kivulini kabisa, shati lake linaonekana hadi vifungo. Wateja wangu wa siku hiyo walipigwa picha na mtu anayejichekesha mwenyewe.

Jumapili nilikwenda Gahanga nikitembea kwa maringo. Kaka alikuja na mkewe, mimba yake imekua, mama akampangia mito ya kujiegemeza. Tuliunganisha simu na televisheni. Picha ilipoanza sikujizuia, nikawaambia waangalie kivuli hicho, waangalie mtaro huo, nani mwingine angewatolea picha kama hiyo. Mtu wa baiskeli alipotokea nikasimama kabisa.

Kaka alitikisa kichwa kukubali, akaomba nirudishe nyuma. Akaangalia kwa makini, akaomba tena. Kisha akasema kwa sauti ya kusikitika kweli kwamba baiskeli ipo, sawa, lakini baba alianza kuhama kabla haijatokea. Nikaangalia. Alisema kweli. Gari linaingia kushoto na mbele hakuna mtu, kuna ukingo wa udongo na miti tu. Nikakaa chini. Nilijiona mjinga, na vibaya zaidi, nilijiona nimemchimbia baba shimo kwa picha yangu nzuri.

Baba ndiye aliyeongea, bila kuinuka.

"Angalieni juu ya ukingo. Mti wa tatu."

Nilirudisha, nikasimamisha. Hatukuona kitu. Kaka akaenda mpaka kwenye televisheni, akainama. Juu ya ule ukingo wa udongo, kivulini, vilichungulia kutoka nyuma ya kona vidole viwili vitatu vya ndizi mbichi. Nikaiachia video hatua kwa hatua, na vile vidole vikawa vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, kama mzigo unaosukumwa na mtu aliyechoka.

"Ndizi hazitembei zenyewe," baba akasema.

Nilikuwa nimeitazama video ile siku nzima, mimi ninayeishi kwa macho yangu, na sikuziona. Yeye aliziona gari likiwa kwenye mwendo, jua likimpiga usoni, akaanza kumpisha mtu ambaye hajatokea. Kamera yangu ilizinasa, na hilo najivunia, kwa mipangilio ya kaka zingebaki nyeusi ndani ya weusi. Lakini baba yangu nilimwonea fahari zaidi.

Kaka alibaki amesimama, kidole chake kikigusa kioo cha televisheni. Alitoa ufunguo mfukoni, akaushika, akawa hajui auweke wapi. Mkewe, ambaye tangu aingie hakuwa amesema neno juu ya jambo hilo, ndiye aliyegeuka pale kwenye mito.

"Papa," akasema, "kesho niko na kliniki Kibagabaga. Utanipeleka?"

Baba akamuuliza saa ngapi.