Moyo wa Ng'ombe Mezani Kwangu

Kifua kilichokuwa kifunguliwe kilikuwa changu, lakini kikao cha familia kilinitoa nje. Mwenyekiti, binamu yangu ambaye ni mzee wa kanisa, alisema mgonjwa ana maslahi yake katika jambo hili, kwa hivyo akapike chapati. Chapati! Mimi ambaye hata kufunga kamba za viatu kulinikata pumzi.

Basi nikasimama jikoni, hapa kwangu kijijini Tulia, sikio kwenye ukuta wa mabati. Daktari alikuwa amenipa hadi Jumatatu nichague. Kimlango kimoja cha moyo wangu kilikuwa kimechakaa, na bila kukibadilisha singemaliza mwaka; kipya kingekuwa cha chuma au cha ng'ombe. Cha chuma hudumu, lakini unameza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi maisha yako yote, unapimwa damu kila mara, na ukijikata na jembe damu haikomi upesi. Halafu mboga za kunde, ambazo hupunguza nguvu ya dawa hiyo, uzile kwa kipimo. Cha ng'ombe, kinachoshonwa kwa utando wa moyo wake, hakidai hayo yote, ila huchakaa, na kufunguliwa mara ya pili kuna hatari zaidi kuliko mara ya kwanza.

Huko ndani mambo yaliharibika mapema. Mwenyekiti aliunga mkono chuma, kwa sababu paa lake la mabati limedumu. Mdogo wangu wa kiume, mwenye bucha kule Kambu, akauliza huyo ng'ombe ni wa kienyeji au wa gredi, maana wa gredi hawezi jua la Ukambani. Swali likaandikwa kwenye kumbukumbu. Haki ya Mungu, liliandikwa.

Kisha nikasikia kisu kikinolewa. Nikaingia, ruhusa au bila ruhusa. Mdogo wangu alikuwa ameleta moyo wa ng'ombe umefungwa gazetini, na sasa ulikuwa juu ya kitambaa changu cha meza, kile nilichofuma mwenyewe. Akaupasua mara moja, tena vizuri.

"Mnaona hivi vimlango? Kufungua si kazi. Dada asiogope."

Wote wakapiga makofi. Hasira ikanipanda.

"Umemaliza?" nikamuuliza. "Sasa ushone."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikampa sindano ya gunia na uzi.

Alishona. Uzi ukakata nyama, akaanza upya, ukakata tena. Mwenyekiti akaanzisha pambio, akaliacha katikati. Mikono ya mdogo wangu, ambayo huchuna mbuzi huku akipiga stori, ilikuwa inatetemeka, na machozi yakaangukia gazeti. "Dada, nimeshindwa," akasema. Nami nilikuwa naogopa, wuui. Nikakaa kando yake.

Kikao kikavunjika bila kura. Hakuna aliyethubutu kuula ule moyo, wala kuutupia mbwa. Tuliuzika nyuma ya jiko, na mwenyekiti akaomba.

Nilichagua kimlango cha ng'ombe, kwa ajili ya jembe na kunde na njia ndefu ya kwenda kupimwa damu. Siku ya upasuaji nilimuuliza daktari swali moja tu: ameshona mioyo mingapi?

"Mingi, Mama," akasema. "Na wengine niliwapoteza."

Mdogo wangu, aliyekuwa amenisindikiza, akamwomba anyooshe mikono. Daktari akashangaa, lakini akainyoosha. Mdogo wangu aliitazama kwa muda mrefu. Haikutetemeka.

"Nenda, Dada," akaniambia.