Kadi Iliyokataa Mwendo Wake

Wateja walimwita Chapchap, maana video ya harusi ya Jumamosi waliipata Jumatatu. Harusi za watu aliziwahi. Filamu ya mkewe ndiyo aliyoiacha hadi siku ya mwisho, na siku yenyewe ilikuwa leo. Saa kumi jioni wauguzi wangemuaga mkewe baada ya miaka thelathini na moja ya ukunga, na Chapchap alikwisha kujitapa mbele ya matroni kwamba ataleta filamu ya kukata na shoka.

Saa tatu asubuhi skrini ya kompyuta ilijaa vistari vya zambarau, ikazima. Akaiwasha. Ikaanza upya kuiunganisha filamu, ikafika asilimia nne, ikazima tena.

Akalaumu umeme, akahamia soketi nyingine. Akalaumu waya, akaubadilisha. Akafungua kompyuta, akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya tatu, akaielekezea feni ya sebuleni huku mwenyewe akitiririka jasho. Asilimia sita. Giza. Akaitukana mashine matusi yasiyoandikika.

Saa nne akapita kaka wa mkewe, fundi friji, kuuliza kama filamu iko tayari. Akachungulia.

"Shemeji, hii kadi ya kuchakata picha ina miaka mingapi?"

"Tisa. Lakini nzima kabisa."

"Imechoka hiyo. Hata kompresa ikizeeka huilazimishi, unaipunguzia kazi. Ishushe spidi."

"Chini ya ile iliyotoka nayo kiwandani? Mimi? Hii nilikuwa naipandisha!"

"Haya bwana. Kazi kwako."

Hapo ndipo ubishi ulipomponza. Miaka yote aliikimbiza kadi ile kupita kiwango chake na kujisifu kwa kila fundi mwenzake. Leo ilishindwa hata mwendo wa kawaida, na yeye hakutaka kukubali, utadhani aliyeambiwa amezeeka ni yeye. Akaing'oa, akaifuta, akaipaka dawa mpya ya kupunguza joto, akairudisha. Akafuta programu, akaziweka upya moja moja. Saa saba na nusu, asilimia tisa. Giza. Alitamani kulia.

Ndipo, kwa shingo upande, akashusha spidi kwa sehemu ya tano.

Mashine ikatulia. Vistari havikuonekana tena. Ila mwendo ulikuwa wa kinyonga: filamu ingechukua saa nne na nusu kukamilika. Akapiga hesabu kwa vidole, akairudia. Angemsikiliza shemeji yake, saa tisa angekuwa njiani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lililovunjika lilikuwa la mtu mwingine.

Mkewe alirudi saa kumi na moja na nusu, bado amevaa sare, mkononi ana shada la maua. Asilimia themanini na nane. Akaketi, akavua viatu.

"Waliuliza filamu iko wapi," alisema. "Walikuwa wameshatundika shuka jeupe ukutani."

"Ukawaambiaje?"

"Kwamba mashine yako imekufa."

Feni ya kompyuta ilizunguka taratibu, bila kasoro. Mkewe akaitazama.

"Sikutaka matroni ajue kwamba ulianza leo asubuhi."

Chapchap akageukia skrini. Ikafika asilimia themanini na tisa.