Bibi Anataka Niitikie Amina

Admin, jina langu lifute kabisa, hata herufi ya kwanza usiache, maana mji wetu huu ukikohoa Mwanga unapewa pole Ujiji. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa, nina ujauzito wa miezi sita, na ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Kigoma. Najua madalali hamtupendi. Leo mtanichukia kwa haki.

Udalali niliuanza mwaka ule wa Korona. Nilikuwa nauza vitenge vya kutoka Kongo na Burundi, mizigo ikaacha kuvuka, meza ikabaki tupu. Nikaona wenzangu wanatafutia watu vyumba, na mimi nikajitosa. Miezi miwili sikupata kitu, maana nani anahama wakati wa ugonjwa? Ndipo akanipigia kaka mmoja wa Ujiji, anauza nyumba ya tofali za udongo, ila kiwanja kikubwa, karibu na barabara. Mnunuzi nilimpata ndani ya wiki. Tatizo likawa moja tu: nyumba ilikuwa ya mama yake, na mama alikuwa amepelekwa shambani Simbo akae mbali na watu mpaka ugonjwa upite.

Kaka akaniambia mama ameshakubali, ila ana presha, nikimtajia kuuza itapanda, kwa hiyo nimwambie tu kwamba nyumba inapangishwa. Ndugu zangu, hapo nilijua. Sitajifanya nilikuwa mtoto. Nilijua, na bado nikavaa barakoa yangu, nikapanda bodaboda na karatasi na wino wa kuwekea dole. Nilimkuta Bibi anapukuchua mahindi. Kusoma hajui. Aliishika ile karatasi akaigeuzageuza, kisha akaniuliza, "Ni kupangisha tu, mwanangu, siyo kuuza?"

Nikamjibu, "Ni kupangisha tu, Bibi."

Akaweka dole gumba. Halafu akaniombea dua kazi yangu ifunguke, na kweli ikafunguka. Tangu siku ile sijawahi kukosa mteja.

Bibi aliporudi mjini alikuta nyumba imebomolewa, msingi mpya umeshachimbwa, mwanawe kahama na simu haipatikani. Nilisikia kwa watu kwamba alikwenda kushtaki akaonyeshwa dole lake mwenyewe. Nilikaa kimya. Nilijiambia ni mambo ya familia yao, hayanihusu.

Mwaka jana mume wangu akapata vyumba viwili Mwanga, tukahamia. Asubuhi ya kwanza natoka na ndoo, namkuta Bibi uani. Anaishi chumba kinachotazamana na chetu, amehifadhiwa na mpwa wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kama mpangaji mgeni tu. Ile barakoa ilikuwa imenificha. Tangu hapo amenipenda kupita kiasi. Tumbo lilipoanza kuonekana ndiye aliyenipikia uji, ndiye ananiwekea samaki wa mgebuka wa mawese, ananiita "mwana wanje", mtoto wangu. Nikifumba macho naona kidole chenye wino. Mteja akiniuliza swali lolote juu ya nyumba, naisikia sauti ya Bibi ikiniuliza lile la Simbo. Siku moja ananikanda miguu iliyovimba, akanitazama machoni muda mrefu, akasema macho haya kama aliwahi kuyaona mahali. Nikacheka, nikamwambia Waha wote macho tunafanana. Usiku ule sikulala.

Wiki iliyopita aliniita chumbani kwake. Akasema amechoka, anataka isomwe albadiri kabla hajafa, kile kisomo cha kumshtakia Mungu mtu aliyekudhulumu. Nikamuuliza kwa woga kama anataka kumsomea mwanawe. Akakataa.

"Yule nimemzaa mwenyewe, nitamlilia tu. Namtaka yule binti wa barakoa."

Masheikh wamekubali. Ni Ijumaa hii baada ya swala, palepale uani kwetu, na mume wangu amechangia mchele. Nilipomwambia tuhame aliniuliza nakimbia nini, nikasema joto. Najua wengine mtaandika kwamba hayo ni imani tu, na mimi zamani nilikuwa nacheka. Lakini nyie hamna mtoto anayecheza tumboni huku masheikh wanaandaliwa. Naogopa mtoto wangu atalipa kwa dole ambalo hata hakuwepo lilipowekwa. Nikikiri, mume wangu ataniona mtu mwingine, na Bibi sijui kama moyo wake utahimili, na nyumba yake haitarudi. Nikinyamaza, nitakula vipi tena chakula chake?

Jana alasiri alikuja na kanga mpya ya kumbebea mtoto. Akakaa kwenye mkeka pembeni yangu, akaweka mkono juu ya tumbo langu na kuuacha hapo.

"Ijumaa ukae karibu yangu," akasema. "Mimi sauti imekwisha. Masheikh wakiomba, wewe ndiye uniitikie amina, kwa sauti, wote wasikie."

Hakunitazama usoni, na mpaka sasa sijui kama anajua au hajui. Nilimjibu sawa, Bibi. Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini, jamani, hiyo amina niiitikie?