Miguu Sitini na Moja

Mjukuu wangu amenikalisha mezani kama mtoto wa darasa la kwanza. "Bibi, andika ile habari ya kaa." Niandike nini? Shule niliishia darasa la pili, na herufi zangu zinalala ubavu kama wagonjwa. Msomi ni yeye, na mwezi uliopita aliajiriwa katika chumba kilekile nilichokitunza miaka ishirini na sita. Si aziulize hizo chupa! Haya, chupa hazisemi, nitasema mimi. Wa kuucheka mwandiko wangu na acheke akiwa mbali.

Kazi yangu ilikuwa chupa. Chumba kirefu, rafu hadi darini, na kila kidudu cha baharini kimelowekwa humo kwenye spiriti inayokwaruza koo. Spiriti ikipungua naongeza, kifuniko kikilegea nabadilisha. Wataalamu waliniita Mama Chupa, nami sikukasirika. Waliokosa chai yangu ni wale walioniita "wewe".

Mwaka mmoja wakaletwa kaa ishirini na watatu waliotegwa kilindini, kule ambako mwanga wa jua haufiki. Wakubwa kama sahani, wamekuja kwenye barafu. Nikapewa niwaoshe kabla ya kuwaloweka. Kuwaosha, naona wengine wekundu kama matofali, wengine rangi ya mchanga. Vidole vikaona zaidi ya macho. Ule ukucha wa mwisho wa mguu, anaokanyagia kaa, kwa wale wa mchanga ulikuwa umebanwa ubavuni kama kisu. Kwa wekundu ulikuwa bapa kama mwiko.

Nikamwambia Daktari. Huyu si daktari wa sindano, alikuwa kijana msomi wa kaa, mpole, ila masikio mazito kwa mtu asiye na cheti.

"Mama Chupa, rangi si kitu. Wakikaa kwenye spiriti inatoka yote."

"Ndiyo maana nakwambia sasa, haijatoka. Na kucha je?"

"Kucha nitaziangalia."

Nikajua haangalii leo wala kesho. Nikatoa uzi wangu wa kushonea, kila mwekundu nikamfunga uzi mweusi kiunoni, kila wa mchanga uzi mweupe. Daktari akacheka, eti nimewavalisha shanga.

"Cheka tu," nikamwambia, "meno ni yako."

Miezi minane ikapita, kaa wote wakapauka, rangi moja. Ndipo akaja Profesa, bingwa wa kaa, kuandika orodha ya wanaoishi katika kile kilindi. Wenye meli walikuwa wanaingoja orodha ile wajue wavue kaa gani na wangapi. Wakiandikwa aina moja, basi wale wa mchanga, ambao ni wachache, wangevuliwa kwa hesabu ya wenzao mpaka waishe, na asijue mtu kwamba waliwahi kuwapo.

Daktari, Mungu amlipe, alikuwa amekwisha kuzitazama kucha na kuniamini. Akamwambia Profesa hawa ni aina mbili. Profesa akafungua chupa, akamtoa kaa pamoja na miguu iliyonyofoka, maana humo kwenye spiriti miguu hunyofoka sana.

"Kijana, tazama. Kaa mmoja, chupa moja. Mguu huu kisu, mguu huu mwiko. Kucha hazitenganishi kitu. Aina moja."

Daktari akainama kama aliyefiwa.

Nami nimesimama mlangoni na ndoo, moto unanipanda usoni. Miguu ile niliichanganya mimi! Chupa zilikuwa haba, na mimi nafasi sipendi ipotee, kwa hiyo kila mguu ulionyofoka niliutia popote palipo wazi. Hakuna aliyejua. Ningebeba ndoo yangu nikaenda zangu, sifa yangu nzima. Nikaiweka ndoo chini.

"Profesa, hiyo miguu nimeichanganya mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kichwa changu. Kosa ni langu, si la kaa. Nipe hadi Alhamisi, kila mguu nitaurudisha kwa mwenyewe."

"Mingapi?"

"Sitini na moja."

"Mama, hiyo ni kazi ya miezi, tena kwa hadubini."

"Wewe una hadubini. Mimi nina wajukuu saba, kila asubuhi natafuta viatu kumi na vinne."

Akacheka bila kutaka. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, naye safari yake Ijumaa.

Nikatandika karatasi meza nzima. Kwanza nikatenga ya kulia na ya kushoto, kisha mikubwa na midogo, kisha nikaanza kujaribu tundu kwa tundu. Mguu ukiupachika kwa asiye wake hulegea au hukwama. Kwa mwenyewe unaingia, unatulia kama kifuniko na sufuria yake. Vidole vilichubuka kwa spiriti. Daktari aliketi kando akiandika kila nilichotaja.

Alhamisi alasiri sitini ilikuwa imerudi. Mmoja ulikataa kila tundu.

"Mpe huyu," Profesa akasema, akinionyesha kaa mmoja, "ana nafasi."

"Kutia mguu palipo na nafasi ndiko kulikotuleta hapa."

Kisha akapita kaa kwa kaa, akipapasa kucha. Wenye miiko wote uzi mweusi, kumi na wanne. Wenye visu wote uzi mweupe, tisa. Hakuna hata mmoja mwenye vyote viwili.

"Nani alifunga nyuzi hizi?"

"Mama Chupa," Daktari akasema. "Wakiwa wabichi. Mimi nilimcheka."

Profesa akaitoa orodha, akafuta "moja", akaandika "mbili". Kaa wangu wa mchanga akapewa jina la Kilatini refu kuliko mkia wa samaki taa, sijaweza kulitamka mpaka leo.

Ule mguu wa sitini na moja niliutia chupa ya peke yake, rafu ya chini, pembeni mwa dirisha. Basi wewe mjukuu uliyenisumbua, kesho ukiingia kazini inama uutazame. Ongeza spiriti hadi shingoni, kaza kifuniko, na usiuhamishe hata ukiona chupa ina nafasi. Kisha uje uniambie umeukuta. Nangoja, na chai hunywi mpaka useme.