Aliyevuta Msumeno Shimoni

Wengine watasema nilikuwa na usingizi. Sikuwa nao. Nilikuwa nimeshasali, nimeshakunywa uji, na jambo hili lilinipata asubuhi, macho yangu yakiwa wazi kabisa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, upande wa Namawala, wakati pori likifyekwa kila mwaka kupisha mashamba ya mpunga. Mvule mmoja mkubwa ulibaki katikati. Zamani watu waliutambikia, wakimwaga pombe na unga shinani. Sisi Wakristo tukaamua kuuangusha, tupate mbao za paa la kanisa la kigango chetu. Mama yangu, ambaye alikuwa hajabatizwa, alinicheka mbele ya majirani.

"Mti ule utakumeza! Pasua ubao mmoja tu na urudi mzima, nami nitamwagiwa hayo maji yenu."

Basi nikakaza moyo, na mti ukaangushwa.

Mnajua kazi ya kupasua mbao? Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu ya gogo, mwenzake shimoni, wanavutana msumeno. Wa juu hamwoni wa chini. Asubuhi ile ukungu wa mtoni ulikuwa mzito. Nilipoteremsha msumeno, mtu wa chini akaudaka. Nikajua ni Kosmas, mwenzangu, kawahi.

Alivuta vizuri kuliko siku zote. Mara sauti ikatoka chini: "Polepole. Umeacha mstari." Nikatazama, kweli, nilikuwa nimeuacha.

"Leo umekula nini, Kosmas?" nikamtania. Akacheka kicheko chenye kikohozi.

Tulikuwa tumebakiza kipande kidogo Kosmas alipotokea njiani, kikapu cha viazi mkononi.

"Shikamoo kaka. Nisamehe, mtoto kakesha na homa. Unapasua na nani?"

Niaminini: nikiwa namtazama Kosmas usoni, msumeno ulivutwa kwenda chini.

Alitupa kikapu. "Shuka, kaka! Tukimbie!"

Ningefanya nini? Nilitaka kukimbia. Lakini nikiuacha ubao nusu, nimempoteza mama mpaka mbinguni. Nikafanya ishara ya msalaba, nikavuta. Chini akavuta. Nikasali Baba Yetu kwa sauti, msumeno ukienda na maneno, mpaka ubao ukatengana na gogo. Nikashuka shimoni. Hapakuwa na mtu, wala unyayo kwenye unga wa mbao. Harufu ya ugoro tu.

Nilimpelekea mama ubao begani, nikamsimulia mtu wa shimoni alivyovuta na kucheka. Hakucheka. Aliuliza jambo moja: "Alikohoa alipocheka?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa chini. "Huyo ni marehemu baba yangu. Ndiye aliyekuwa akitambika pale. Kama mwenyewe kaupasua, mimi namlindia nani tambiko lile?"

Alibatizwa kabla ya mvua, chini ya paa lile. Kosmas aliacha kazi, akaenda kuvua samaki mtoni, Kivukoni. Mpaka leo tukikutana hanipi mkono. Mimi niliendelea kupasua mbao, ila kila asubuhi mwenzangu lazima apande kwanza juu ya gogo, nimwone uso.

Nanyi mnaofyeka mapori mapya, msianze kabla hamjajua ni nani aliyekuwa akipiga magoti pale. Huenda bado yupo, na si kila mmoja atavuta upande wenu.